Fundi Sauti na Dakika Kumi na Moja za Kimya

Mume wangu ni fundi sauti, na katika miaka ishirini na mbili ya ndoa yetu sijawahi kukaanga kitu bila kuulizwa nitamaliza saa ngapi. Mtaani wanamwita Masikio. Si kwamba ana masikio makubwa. Ni madogo tu ya kawaida, ila bomba la jirani wa nyumba ya tatu likidondosha maji, yeye hapati usingizi. Mimi nashona sare za shule kwa cherehani ya miguu, chumba cha mbele, kuanzia asubuhi. Mungu naye ana mzaha wake, akatufunga pamoja anayekula kwa kimya na anayekula kwa kelele.

Kazi yake ni hii. Watu wakitengeneza filamu, yeye ndiye anayesimama pembeni ameinua fimbo ndefu yenye maikrofoni kwenye ncha, vipokea sauti masikioni, kinasa sauti kinaning'inia kiunoni. Maikrofoni yenyewe imevishwa manyoya ya kuzuia upepo. Manyoya hayo nayafua mimi kwa mkono na kuyaanika kwenye kamba, na wapita njia wameshanipa pole ya paka zaidi ya mara moja. Filamu anazofanya si zile za kujaza kumbi kubwa. Ni filamu huru, za watu wenye kamera moja na maneno mengi, hazina ngumi wala harusi, na zikiisha watazamaji wanabaki wamekaa, kila mmoja anamwangalia mwenzake aone kama ni halali kuondoka.

Nazicheka lakini nilizipenda. Ipo moja ya mzee anayesubiri kwenye foleni saa nzima, na dirisha linafungwa akiwa amebakiza mtu mmoja mbele yake. Niliilia ile. Kila mtu aliyewahi kufuatilia cheti cha kuzaliwa angeilia.

Mume wangu ana desturi moja ambayo nadhani mafundi wa kazi yake tu ndio wanaoijua. Akiingia nyumba ya watu kurekodi, kwanza anaomba jokofu lizimwe, maana lina mvumo. Kisha anatoa ufunguo wa nyumba yetu mfukoni na kuuweka ndani ya hilo jokofu, juu ya mayai au pembeni ya maziwa. Anafanya hivyo ili asiondoke akasahau kuliwasha, vyakula vya watu vikaoza. Bila ufunguo hawezi kuingia kwake, kwa hiyo lazima arudi kwenye jokofu. Ameshafika nyumbani mara nyingi na ufunguo wa baridi, akinigusisha shingoni nikipiga kelele. Mtu aliyejiwekea kinga ya namna hiyo, ungedhani hawezi kusahau jambo kubwa. Mimi ndivyo nilivyodhani.

Miaka tisa iliyopita alichukuliwa na mwongozaji mmoja kijana, mvaa skafu, jua liwake lisiwake. Filamu ilihusu wazazi walioachwa na watoto wao. Siku ya mwisho ya kazi walikwenda kwa mama mmoja mjane, mwendo wa saa nne kutoka hapa, anayeishi vyumba viwili. Yule mama alikubali kila kitu isipokuwa uso wake. "Uso wangu mtamwonyesha nani?" aliwauliza. "Pigeni mikono, mikono ndiyo iliyofanya kazi." Basi kamera ikatazama mikono. Mama akachukua sweta kuukuu lililoliwa na nondo, akaanza kulifumua na kuzungusha uzi uwe donge, na huku anafumua akawa anasimulia habari za mtoto wake aliyeondoka. Alisema kwa mfululizo dakika kumi na moja, bila kukatizwa na mtu.

Sasa kinasa sauti kile kilikuwa na kitufe kimoja. Ukikibonyeza kinaanza, ukikibonyeza tena kinasimama, na kijitaa chekundu ndicho kinachokuambia uko wapi. Mume wangu alikuwa amekibonyeza mapema kufanya jaribio, akasahau kukisimamisha. Mwongozaji aliposema tuanze, yeye akabonyeza, macho yake yako juu kwenye fimbo ili kivuli kisiangukie mikono ya mama. Kumbe amezima. Masikioni mwake sauti iliendelea kuja kama kawaida, maana vile vipokea sauti vinakuletea sauti hata kinasa kikiwa hakirekodi. Dakika kumi na moja zikaisha, akabonyeza kuzima. Kumbe amewasha.

Aligundua dakika ile ile. Kila wanapomaliza kurekodi chumba fulani, fundi sauti huwaomba watu wote wanyamaze dakika moja ili achukue kile wanachokiita sauti ya chumba, yaani ule ukimya wenyewe, wa kuja kuzibia mapengo baadaye. Aliinama abonyeze, akakuta kijitaa chekundu kinawaka. 

Alifika nyumbani jioni nikiwa natia kola kwenye shati. Hakuvua viatu. Alisimama mlangoni akanieleza yote niliyoyaeleza hapa, kisha akasema, "Nirudi kesho nimwambie? Mama yule yupo, ni mzima, anaweza kusema tena."

Mwaka ule waongozaji wawili walikuwa wameshamwacha kwa kuwa anachelewesha kazi. Mbwa akibweka mbali, yeye anasimamisha watu ishirini. Huyu wa skafu ndiye aliyekuwa amebaki. Nikamjibu bila hata kunyanyua mguu kwenye cherehani. "Nyamaza," nikamwambia. "Waone wenyewe huko mbele. Unataka kujiponza kwa mdomo wako mwenyewe?"

Akanyamaza. Sina wa kumlaumu kwa neno hilo, nililisema mimi, na nalikumbuka vizuri kuliko kiapo cha ndoa.

Baada ya wiki mbili mwongozaji akapiga simu anatoa povu, mikono anaiona, sauti haipo. Kesho yake akapiga tena, ametulia. Siku ya tatu akapiga kwa furaha, akasema amekaa na zile picha na amegundua kuwa kimya ndicho filamu ilichokuwa inakitafuta tangu mwanzo. Yule mama alikuwa bado hai. Saa nne za kwenda, saa nne za kurudi. Hakuna aliyekwenda, na wangekwenda mapema wangemkuta anafumua sweta lingine. Baada ya miezi minne alipigwa na kiharusi, akapoteza usemi, na kabla mwaka haujaisha akafa.

Filamu ikaenda kwenye tamasha, ikapata tuzo mbili. Moja ya mwongozaji. Ya pili, mkae vizuri, Tuzo ya Sauti. Mume wangu alitumiwa cheti chenye maandishi ya dhahabu, "kwa matumizi ya ujasiri ya kimya." Mimi nikakitia fremu nikakitundika sebuleni. Yeye akakishusha, mimi nikakirudisha, na tumeendelea hivyo miaka tisa, kila mtu akijitia hamnazo.

Kuna klabu ya filamu inayokutana Jumamosi, saa kumi alasiri, kwenye ukumbi nyuma ya maktaba. Viti vya plastiki, projekta inayopiga chafya, na mapazia meusi niliyoyapinda mimi mwenyewe. Wanaonyesha filamu huru, halafu wanajadili. Anayeongoza mjadala ni mhakiki wa gazeti, bwana mmoja mrefu tunayemwita Bwana Tabaka, kwa sababu hawezi kuona kitu akakiacha kilivyo. Mtu akinywa maji kwenye filamu, yeye atasema kuna tabaka hapo. Wahudhuriaji ni walimu, wanafunzi wa chuo, muuguzi mmoja anayekuja kulala kwenye giza, na kinyozi wa kona ya mtaa wetu, ambaye kwa maoni yangu ndiye pekee mwenye macho.

Mara ya kwanza filamu ile ilipoonyeshwa pale, kinyozi ndiye aliyenyoosha mkono kabla ya wote. Akasema, "Samahani, mimi hapo kwenye mikono nilidhani spika zimekufa."

Ukumbi mzima ulimcheka. Bwana Tabaka alisubiri kicheko kiishe, akasema kwa upole ule wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, "Ndugu yetu ametuonyesha jinsi tulivyozoea kelele. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu." Wiki iliyofuata akaandika makala ya safu mbili kwenye gazeti. Uzi ni wakati, aliandika. Sweta ni familia. Kimya ni mama mwenyewe, ambaye dunia haijampa lugha. Niliisoma makala ile mara mbili nikitafuta nondo, hakuwemo.

Mume wangu alikuwa anakwenda kila Jumamosi. Sikuelewa kwa nini anajipeleka. Filamu ile ilirudiwa karibu kila mwaka, na kila mwaka kimya kilizidi kunenepa. Mwaka mmoja kilikuwa kifo, mwaka mwingine kilikuwa tumbo la uzazi, kijana mmoja wa chuo akaandika juu yake tasnifu nzima. Yeye anakaa safu ya nyuma, watu wanageuka kumwonyesha kwa kidole kuwa ndiye, anatabasamu kwa meno tu. Tukirudi nyumbani hali chakula. Nilimwambia asiende, akasema, "Nikikaa hapa ndiyo nakisikia zaidi."

Tuje sasa kwenye Jumamosi yenyewe, ya mwezi uliopita. Ukumbi ulijaa kwa sababu mwongozaji alikuwa amekuja mwenyewe. Miaka tisa imemnenepesha, lakini skafu ipo. Filamu ikaonyeshwa, mikono ikafumua, watu wakashusha pumzi mahali pa kushusha pumzi. Taa zikawashwa. Bwana Tabaka akazungumza dakika ishirini, akamvisha mwongozaji kilemba cha ukoka hadi mwenyewe akaona haya, kisha akakaribisha maswali.

Nyuma kabisa alisimama mwanamke wa miaka arobaini hivi, mkoba ameukumbatia.

"Samahanini," alisema. "Mimi si mjuzi wa filamu. Ile mikono ni ya mama yangu."

Watu wote wakageuka kumtazama.

"Kidole cha shahada cha kushoto, kile kisicho na kucha. Alibanwa na mlango. Niliufunga mimi, nilikuwa na miaka sita."

Mwongozaji alisimama, akaweka mkono kifuani. "Karibu sana, dada. Mama yako alikuwa hazina."

"Asante. Nilikuwa na swali moja tu. Alikuwa anasema nini?"

Mwongozaji akatabasamu, akatazama watu kana kwamba amepewa zawadi. "Hilo ndilo swali ambalo filamu inatuachia sisi sote."

"Mimi sikuulizi filamu, nakuuliza wewe. Si ulikuwepo?"

Bwana Tabaka akaingilia. "Dada yangu, kwa ruhusa yako. Kuna tabaka hapa. Siku tutakayojua alichosema, kile kimya kitakufa."

"Mama ndiye aliyekufa," alisema yule mwanamke.

Hakusema kwa ukali. Akaendelea kwa sauti ile ile, akitazama mkoba wake. "Niliondoka nyumbani kwa hasira. Miaka sita sikurudi, simu zake sikupokea. Niliporudi alikuwa hawezi tena kusema, anatazama tu. Nikamwomba msamaha, akanitazama. Akafa hivyo hivyo. Jirani akaniambia kuna watu walikuja na kamera akawaeleza habari zangu. Nimeitafuta hii filamu miaka yote hii, haiuzwi popote, haionyeshwi popote ila sehemu kama hizi. Nataka kujua alinisemaje. Kama alinilaani, niambieni. Nitabeba. Ila nisibebe kitu nisichokijua."

Hapo nilihisi kiti kinatikisika pembeni yangu. Mume wangu alikuwa anasimama. Nikamshika shati, kwa mazoea tu, kisha nikaliachia.

"Hakuna sauti," alisema. "Haikuwa usanii. Nilibonyeza vibaya. Kinasa kilikuwa kimezimwa dakika zote kumi na moja. Nilijua siku ile ile, na sikusema."

 Kinyozi akapiga goti lake. "Si nilisema mimi! Si nilisema spika!"

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomwokoa mwongozaji. Alishuka jukwaani mbio, akapita katikati ya viti, akamkumbatia mume wangu mabegani. "Mnamwona huyu?" aliwaambia. "Huyu ndiye fundi wangu. Mpeni tuzo, atawaambia amekosea. Unyenyekevu gani huu, jamani!"

Wakapiga makofi. Naapa, walisimama wakapiga makofi. Bwana Tabaka alikuwa ameshatoa kidaftari anaandika, akanong'ona kwa aliye jirani yake kuwa hata ajali ina tabaka zake. Mume wangu akapaza sauti, "Si unyenyekevu, nimekosea!" Miaka ishirini na mbili sijawahi kumsikia akipaza sauti, na siku aliyopaza, makofi yakamfunika. Damu ilinichemka kiasi kwamba kama ningekuwa na mkasi wangu pale, skafu ile isingetoka nzima.

Yule mwanamke alikuwa ameshafika mlangoni. Nilimkimbilia, nikamshika kiwiko. "Dada," nikamwambia, "twende nyumbani. Kipo kitu kidogo. Si hicho unachokitaka, lakini kipo."

Tulitembea watu watatu hadi kwetu. Nyumbani niliondoa marundo ya sare kwenye kochi apate pa kukaa. Jua lilikuwa bado linaingia dirishani, likipiga moja kwa moja ukutani, kwenye cheti. Akakisoma kwa sauti, taratibu, neno kwa neno. "Kwa matumizi ya ujasiri ya kimya." Hakucheka wala hakutukana. Nikatamani ardhi ipasuke, maana misumari ile niliipigilia mimi.

Mume wangu alitoa boksi chini ya kitanda. Kabla hajalifungua, mgeni akamuuliza, "Siku ile ulikuwa umevaa vile vya masikioni?"

"Ndiyo."

"Kinasa kikiwa kimezimwa, vile vinasikika?"

"Vinasikika."

"Kwa hiyo wewe ulimsikia."

"Nilimsikia kuliko mtu yeyote mle ndani."

"Basi mimi sina haja na kinasa, kaka. Niambie wewe."

Nilishangaa jinsi jambo hilo lilivyokuwa wazi. Miaka tisa tunalia na mashine, na mtu aliyesikia yote tunalala naye kitanda kimoja. Nikavuta kigoda nikakaa.

Mume wangu alifumba macho. "Alikuwa anavuta pumzi kabla ya kila sentensi," alisema. "Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kwa chini. Dakika ya tatu ndege ilipita, mbali sana, nikahofia itaharibu. Dakika ya sita uzi ulinasa kwenye kile kidole, akaguna. Kiti kililia mara mbili. Karibu na mwisho sauti ilishuka, ikabidi nisogeze fimbo."

"Ilishuka akisema nini?"

Mume wangu akafumbua macho.

"Maneno, kaka. Hata mawili."

"Sikusikiliza maneno," alisema mume wangu. "Nilikuwa nasikiliza sauti."

Yule mwanamke alimtazama kama anayengoja sentensi iendelee. Haikuendelea. Mimi nilimwelewa mume wangu, na ndiyo maana nilizidi kumchukia kwa dakika ile. Ndivyo kazi yake ilivyo. Nami nimeshashona sare za maelfu ya watoto na simjui hata mmoja kwa sura, nawajua kwa kiuno na urefu wa mkono. Mwongozaji naye alikuwa anatazama mikono imekaaje kwenye picha. Watu watano mle chumbani, mama anamwaga moyo wake dakika kumi na moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamsikiliza.

Nikaona nimsaidie. Ulimi hauna mfupa. "Lakini baba," nikamwambia mume wangu, "si uliniambia siku ile kwamba alimtaja mwanawe kwa wema?"

Ilikuwa kazi ya kuitikia tu. Angesema ndiyo, yule mwanamke angekwenda zake amepona, na Mungu angetuhukumu sisi. Mume wangu akanigeukia akasema, "Sikukuambia hivyo." Huyo ndiye mume wangu. Ukweli ulipokuwa na faida alifyata ulimi miaka tisa, na siku uongo ulipokuwa na huruma ndiyo akawa msema kweli.

Alifungua boksi, akaunganisha kinasa na spika ndogo. "Kuna dakika moja na sekunde kidogo," alisema. "Ni baada ya kumaliza. Kilipojiwasha."

Hata mimi nilikuwa sijawahi kuisikia.

Kwanza ilikuja sauti ya mwongozaji, changa, "Nzuri sana, mama, nzuri mno." Kiti kikalia. Kisha sauti ya mama, yenye mkwaruzo kweli, "Sijafika mwisho. Huyu mwanangu..." Na hapo hapo sauti ya mume wangu ikamkata, yenye adabu zote, "Mama, naomba unyamaze kidogo, tunachukua sauti ya chumba."

Mama akanyamaza. Dakika nzima. Ilisikika saa ya ukutani na pumzi za mtu mzima, na uzi ukipita vidoleni, maana kufumua hakuacha. Yule mwanamke alikuwa ameinama hadi shavu linakaribia spika.

"Asante, mama," ilisema sauti ya mume wangu.

"Nimalizie?" aliuliza mama.

"Imetosha, mama," alisema mwongozaji. "Tumepata yote."

Kitufe kikalia, basi.

Nje kuna mtu alikuwa anaburuta ndoo. Yule mwanamke aliinua kichwa polepole. "Anayezima hapo ni nani?"

"Mimi," alisema mume wangu.

"Ulikuwa umeshajua?"

"Kijitaa nilikuwa nimeshakiona."

"Na yeye alikuwa yuko tayari kumalizia."

"Alikuwa yuko tayari."

Mimi nikasema, kwa sababu sikuweza kukaa na hilo tena, "Na alipotaka kurudi kesho yake, mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Nilikuwa nimekaa hapo hapo kwenye hiyo cherehani."

Alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akatazama na cheti. "Mmeoana vizuri," alisema.

Hakuna tusi nililowahi kutukanwa likanikaa kama hilo. Nilingoja ainuke aondoke. Badala yake akafungua mkoba, akatoa simu yake, akaiweka mezani. "Nitilie humu," alisema. Mume wangu akaanza kuhangaika na nyaya, shukrani na samahani zikimtoka kwa pamoja, naye akamwinulia kiganja anyamaze. "Ila ile ya mwisho iondoe. Sitaki yule mwenye skafu akimwambia imetosha. Wala kitufe chako sitaki. Kata pale anapouliza."

"Anaposema nimalizie?"

"Hapo hapo. Iishie hapo. Nikifika kwangu nitamjibu mwenyewe."

Mume wangu akakata. Ilimlazimu kurudia mara tatu, na kila aliporudia sote tulimsikia mama akiuliza. Kabla ya kumkabidhi simu aliangalia kijitaa cha kinasa, akakiangalia tena.